Mama, mimi ni mtoto wa hapa hapa, iweje niambiwe nawabagua watoto wa hapa?

BARUA

Shikamoo mama, natumai u mzima. Mimi ni mwalimu wa Hesabu na Fizikia kwenye shule moja ya kata huku mkoa wa Lindi, nina miaka 34, nina mke na watoto wawili. Wilaya naomba niifiche maana huku tunajuana. Naandika nikiwa na hasira kwahiyo nisamehe kama sentensi hazitakaa vizuri.

Mama mimi nimezaliwa huku huku. Nimelelewa na bibi mzaa mama, tulikuwa tunaishi kwa ufuta na korosho, mwaka bei ikianguka tunashinda na mihogo, shule ya msingi nimesoma nimekaa chini kwenye vumbi na darasa letu la saba tuliofaulu tulikuwa wachache sana, na kati ya hao wachache mimi peke yangu ndo nimefika chuo kikuu. Kwahiyo nilivyopangiwa kituo cha kazi nyumbani wenzangu walinipa pole lakini mimi nilifurahi kabisa, nikasema naenda kuwatoa wadogo zangu. Na nimejitahidi. Vipindi ninavyobeba ni vingi kuliko mwalimu yeyote wa sayansi pale, jioni nabaki na kidato cha nne bure bila kuchukua hata mia ya mtu, Jumamosi utanikuta shule.

Sasa muhula huu tumeletewa mwalimu mpya wa taaluma, katokea Kagera, akaanzisha utaratibu kwamba mtihani wa muhula kila pepa isahihishwe na walimu wawili, kila mtu kivyake, halafu maksi zilinganishwe. Hesabu tupo wawili, mimi na binti mmoja wa Moshi ambaye ndo kwanza ameajiriwa. Tukasahihisha kidato cha pili. Zilipokuja kuwekwa pamoja, watoto wa watumishi, yaani mtoto wa nesi, wa mtendaji, wa walimu wenzetu, mimi na yeye tulikuwa karibu sawa. Hawa wengine, watoto wa wakulima wanaotoka vijijini, mimi nilikuwa chini yake karibu kwa wote. Kuna binti mmoja yeye kampa 41 mimi nimempa 29, pepa ile ile. Nikasema huyu mwenzangu anagawa maksi za huruma, mtoto amerukaruka hatua, jibu limetokea tu, mimi nakata, Hesabu ndivyo ilivyo. Yule wa taaluma akachomoa pepa ya mtoto wa nesi, nae amerukaruka hatua vile vile kwenye swali lile lile, na mimi nimempa zote. Nilikosa cha kusema, lakini mama mtu unasahihisha rundo la pepa usiku kwa taa ya sola, kupitiwa kupo.

Baadae likafunguliwa sanduku la maoni, kuna karatasi imeandikwa "Mwalimu wa Hesabu anawapenda watoto wa maofisa tu, sisi wa hapa anatuona hatuna akili wakati na yeye ni wa hapa." Mkuu kaisoma mbele ya walimu wote. Niliumia mama, yaani niliumia.

Ni kweli huwa nawatania. Mtu akikosa swali jepesi namwambia rudi kwenu ukapalilie ufuta, au nasema nyie akili zenu zote zipo kwenye unyago. Ila ni utani tu, na mimi ndo nimetoka huko huko, kama kuna mtu ana haki ya kuwatania basi ni mimi. Na ni kweli wakati wa kuchagua masomo kuingia kidato cha tatu wengi nawaambia ukweli kwamba Fizikia hawataiweza waende masomo ya sanaa wasije wakaambulia ziro, hasa wasichana, maana nawajua, wengine wakifika hapo ndo wanaolewa. Hao wageni hawajui haya mambo, mimi nayajua.

Kilichonimaliza ni mama wa yule binti wa 29. Alikuja shule, akanisalimia kwa Kimwera mimi nikamjibu kwa Kiswahili, wala sikukusudia. Akaniambia tulifurahi tuliposikia tumeletewa mtoto wetu, kumbe tumeletewa mgeni. Akaondoka.

Mkuu anataka maelezo yangu kwa maandishi kabla ya Ijumaa. Mama mimi nimebaguliwa maisha yangu yote, kidato cha tano nilisoma mkoa mwingine bweni zima lilikuwa linaigiza lafudhi yangu, walikuwa wananiuliza kama kwetu kuna umeme. Leo mimi ndo niwe mbaguzi? Nawakazia kwa sababu dunia itawakazia. Hivi inawezekana kweli mtu kuwabagua watu wa kwao? Niombe uhamisho? Na kwenye hayo maelezo niandike nini?

Mwalimu, Lindi

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na mimi nimekaa darasani na chaki mpaka nikastaafu kwahiyo naelewa huo uchungu wa kufanya kazi kwa moyo halafu unasomewa karatasi ya namna ile mbele ya wenzako. Naamini unawapenda hao watoto. Mtu asiyewapenda habaki jioni bure. Ila swali lako umeuliza wazi na nitakujibu wazi, ndio inawezekana kabisa, tena inatokea sana kuliko watu wanavyodhani.

Nianze na India kwa sababu huko walilipima jambo lako karibu kama lilivyo. Watafiti wawili, Rema Hanna na Leigh Linden, waliajiri walimu wasahihishe mitihani ya watoto, kwenye karatasi ya juu ya kila mtihani kukaandikwa umri wa mtoto, jinsia na tabaka lake la kuzaliwa, yale matabaka ya Kihindi ya juu na ya chini. Kumbe zile taarifa zilikuwa zimepachikwa kwa bahati nasibu, hazina uhusiano wowote na mtoto aliyefanya mtihani. Matokeo yalitoka 2012. Pepa iliyoandikwa tabaka la chini ilipata pungufu kidogo kuliko pepa ya ubora ule ule iliyoandikwa tabaka la juu. Sio pengo kubwa sana lakini lipo. Sasa sikiliza hapa mwanangu, walipoangalia ni walimu gani hasa wanaopunguza, hawakuwa wale wa tabaka la juu. Walikuwa walimu waliozaliwa kwenye tabaka la chini wenyewe.

Mimi nilivyosoma hiyo nilikaa kimya muda mrefu maana niliwakumbuka walimu wengi niliofanya nao kazi. Hao walimu wa India sidhani kama walikuwa wanawachukia watoto wao. Ninavyoona mimi, mtu aliyetoka mahali panapodharauliwa akapanda mpaka juu anakuwa amepita mikononi mwa wale wanaodharau, kasoma nao, kala nao, kachekwa nao, na ili asichekwe tena anajifunza kupaangalia kwao kwa macho yao. Lile bweni lililokuwa linaigiza lafudhi yako lilikufundisha kitu, lilikufundisha kwamba mtu wa kwenu ni mzito mpaka athibitishe vinginevyo. Wewe ulithibitisha. Na sasa unawadai watoto wengine wathibitishe kwanza ndo uwape maksi zao, ila mtoto wa nesi humdai.

Turudi kwenye zile pepa mbili, maana hapo ndo penye kesi yenyewe. Umesema kupitiwa kupo. Ni kweli kupo, lakini mtu aliyechoka anapitiwa huku na huku, leo anazidisha kwa huyu kesho anapunguza kwa huyu, wewe umepitiwa upande mmoja tu. Na nadhani najua ilivyokwenda. Ulipoona mtoto wa nesi karuka hatua kichwani ukajaza mwenyewe ile hatua, ukasema huyu anajua ila ana haraka. Ulipoona binti wa mkulima karuka hatua ile ile ukasema huyu kabahatisha au kachungulia kwa mwenzake. Hukuwa na ushahidi wa lolote kati ya hayo mawili, karatasi zilikuwa sawa, ulichotumia ni kumjua mtoto ni wa nani. Na mwanangu wewe ni mwalimu, unajua 29 ni nini kwenye madaraja yetu. 29 ni F. 30 ndo D inaanzia. Yule binti kwa mwenzako kafaulu na kwako kafeli, na mwaka huu huu ana mtihani wa taifa wa kidato cha pili, mtoto anayeingia kule anajua mwalimu wake kamwandikia F anaingia amekwisha kushindwa nusu.

Hapo pia pana jambo la lugha ambalo wewe hasa ungeliona kwa urahisi. Watoto wa vijijini wamesoma msingi kwa Kiswahili, nyumbani Kimwera, halafu kidato cha kwanza wanaambiwa Hesabu ni Kiingereza. Mtoto anaweza kuijua njia kichwani akashindwa kuiandika kwa maneno ambayo hana. Mtoto wa mtumishi nyumbani kuna mtu wa kumweleza, pengine kuna na tuisheni. Ukikata maksi kwa hatua zisizoandikwa, kata kwa wote sawasawa, halafu wafundishe hao wasiojua namna ya kuziandika.

Sasa hilo la kukaza. Walimu wengi wazuri nawasikia wakisema nakaza ili watoke, na kukaza ni kitu kizuri, mimi sio mtu wa maksi za bure. Lakini kukaza kwa mwalimu ni kumwambia mtoto jibu lako halijafika, nenda karudie, nakusubiri hapa, nitakuonyesha ulipokosea, na hatuondoki mpaka uweze. Kumwambia rudi kapalilie ufuta ni kumruhusu aondoke. Unamwambia hiyo ndo sehemu yako. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio la shule moja ya msingi California, walimu walipewa majina ya watoto, kama mmoja katika kila watano, wakaambiwa vipimo vinaonyesha hawa watachanua mwaka huu. Majina yalikuwa yameokotwa tu. Mwaka ulipoisha, kwenye madarasa ya chini wale waliotajwa walikuwa wamepanda kuliko wenzao. Watafiti wengine wamebishana sana kuhusu ukubwa wa hayo matokeo na leo wengi wanasema nguvu yake ni ndogo kuliko ilivyodaiwa mwanzo, hata mimi nakubali kwamba mwalimu sio mchawi. Ila hata nguvu ndogo, kwa mtoto yule yule, kila kipindi, miaka minne, inafika mbali.

Na inapitia kwenye vitu vidogo ambavyo hutaviona mwenyewe. Kuna mtafiti aliitwa Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alirekodi madarasa huko Marekani akapima mwalimu akishauliza swali anasubiri muda gani kabla ya kuingilia. Kama sekunde moja tu. Halafu akakuta wale wanafunzi ambao mwalimu anawaona wepesi wanasubiriwa zaidi, wale anaowaona wazito wanasubiriwa muda mfupi kuliko wote, yaani anayehitaji muda ndo ananyimwa. Walimu walipozoeshwa kusubiri sekunde 3 au zaidi majibu ya watoto yakawa marefu na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Nakuomba uanze na hili hata kesho asubuhi maana halihitaji bajeti wala kibali cha mtu. Mpe monita karatasi yenye majina ya darasa, aweke alama kila unapomwita mtu kujibu, bila kumwambia kwa nini. Mwisho wa wiki ikae mezani kwako uisome ukiwa peke yako. Na hayo masomo yako ya jioni pia uangalie wanaobaki ni kina nani, maana mtoto anayetembea masaa mawili kurudi kijijini hawezi kubaki mpaka magharibi, hasa msichana, kwahiyo bure yako inaweza kuwa inawafikia wale wale wanaokaa karibu na shule, watoto wa nyumba za watumishi.

Utani. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Sisi tumelelewa kwenye utani, Mchaga na Mpare wanaambiana mambo ambayo mtu baki akisikia anadhani wanagombana, Mnyamwezi na Mzaramo hivyo hivyo, lakini utani una masharti yake na sharti la kwanza ni kwamba unayemtania anaweza kukurudishia pale pale na watu wakacheka. Mwanafunzi wako anaweza kukurudishia? Akikuambia na wewe mwalimu katwange mihogo kwa bibi yako utacheka? Ataishia kupewa adhabu. Sasa kama yeye hawezi kujibu huo sio utani. Na kuhusu unyago uwe mwangalifu mara mbili, ukisema ule ni ujinga mbele ya wavulana darasani umewavua nguo wasichana wote waliopita huko, na mama zao, na bibi yako aliyekulea. Kama tatizo ni watoto kukosa vipindi kwa sababu ya ngoma, hilo ni la kuongea na wazazi na wazee mapema, wapange wakati wa likizo, na katika walimu wote wa shule hiyo wewe ndo unayeweza kwenda kukaa nao mkaelewana.

Ulisema wageni hawajui haya mambo wewe unayajua. Unayajua matokeo, mwanangu, sina hakika kama umeyafuata mpaka chanzo. Ulikaa chini kwenye vumbi sio kwa sababu bibi yako hakupenda shule. Shule za mwanzo nchi hii nyingi zilijengwa na wamisionari na zikarundikana sehemu kama Kilimanjaro na Bukoba, kusini nako walikuwepo, Ndanda na Masasi wanajulikana, ila kwenye maeneo ya Waislamu wazazi wengi waliogopa mtoto ataenda shule arudi na dini nyingine, na hofu yao ilikuwa na msingi. Serikali ilipotaifisha shule nyingi mwaka 1969 majengo hayakuhama, yalibaki pale pale yalipokuwa. Halafu barabara. Daraja la Mkapa pale Rufiji limefunguliwa 2003, kabla ya hapo ni kivuko, masika yakikolea Lindi na Mtwara mnakatika na nchi, unadhani ni walimu wangapi walikuwa wanakimbilia kuja? Wewe umesomea humo. Watu wanatazama hayo yote wanasema watu wa kusini hawapendi shule, na wewe ukiwa na kiti chako cha mwalimu unawarudishia watoto neno hilo hilo, na kwa sababu linatoka kwa mtu wa kwao wanaliamini zaidi kuliko lingetoka kwa yule binti wa Moshi.

Kwa haki nimseme na yeye. Usidhani wageni ni safi. Mwalimu anayekuja huku akaona watoto wa kuhurumiwa tu, akawa anagawa maksi kwa kuwaonea huruma, nae amewapanga chini, amesema kwa hawa inatosha. Huenda 41 imezidi. Yule wa taaluma nae ana yake, sote tunayo, ya kabila, ya dini, ya kuzaliwa mjini au kijijini, ya kuwa mwanaume au mwanamke. Ndo maana utaratibu alioleta ni mzuri, haumtegemei mtu kuwa na moyo safi. Lakini huruma ya mwenzako haikufutii ile pepa ya mtoto wa nesi.

Wasichana na Fizikia nitasema kwa ufupi kwa sababu sioni cha kubishania. Huko Italia mtafiti Michela Carlana alionyesha, matokeo yake yalichapishwa 2019, kwamba wasichana waliofundishwa Hesabu na mwalimu mwenye imani iliyojificha kichwani kwamba Hesabu ni ya wavulana walirudi nyuma kwenye somo, wakapoteza kujiamini na wakachagua shule nyepesi zaidi. Huyo mwalimu pengine hakuwahi hata kusema neno. Wewe unasema waziwazi. Kuolewa kwa baadhi yao sio sababu ya kumnyima Fizikia aliye mbele yako leo, na tangu mwisho wa 2021 hata binti aliyepata ujauzito anaruhusiwa kurudi shule ya serikali, kwahiyo hiyo hesabu yako ya nani ataishia wapi imepitwa na wakati. Mshauri mtoto kwa maksi zake, mwonyeshe zile za mwaka mzima, mwambie ukichukua Fizikia itabidi uongeze hivi na hivi, halafu mwache achague.

Kusahihisha sasa, maana hapo unaweza kubadilika hata kabla moyo haujabadilika. Baraza la mitihani halikuletei majina, linaleta namba za mtihani, na wewe fanya hivyo hivyo, watoto waandike namba tu, orodha ya majina akae nayo mwalimu wa taaluma mpaka mmalize. Miandiko mingine utaijua, sawa, ila sio yote. Makingi skimu, yaani mwongozo wa kutoa maksi, muiandike wewe na mwenzako kabla hamjagusa pepa hata moja, mkubaliane hatua ikirukwa inakatwa ngapi. Sahihisha swali la kwanza kwa darasa zima ndo uende la pili, usimalize mtoto mmoja mmoja, maana ukimaliza mtoto mmoja mmoja swali la kwanza baya linalichafua la tano. Na ukishamaliza rudia zile pepa za mwanzo, kwenye ule utafiti wa India upunguzaji ulionekana zaidi kwenye mitihani iliyosahihishwa mwanzoni, kabla mwalimu hajawa na kipimo kilichotulia kichwani akawa anategemea kile kilichoandikwa juu kuhusu mtoto.

Uhamisho usiombe. Kuna jimbo la Marekani linaitwa Tennessee, huko miaka ya 1980 watoto wa madarasa ya chini waligawiwa walimu kwa bahati nasibu, na watafiti waliowafuatilia watoto weusi baadae walikuta wale waliobahatika kupata hata mwalimu mmoja mweusi walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuja kuingia chuo kuliko wenzao waliosoma nao shule hizo hizo bila kumpata. Mtoto akimwona mtu wa kwao mbele ya ubao anapata kitu ambacho mimi au yule binti wa Moshi hatuwezi kumpa. Yule mama alivyokuambia walifurahi alikuwa anasema hicho. Ukiondoka wewe nani ataletwa? Unaijua namba ya walimu wa Fizikia wanaotaka kuja huko.

Kwenye maelezo ya mkuu usijitetee kwa historia yako ya kubaguliwa, ni ya kweli na inauma lakini haijibu kilichoulizwa, wala usimshambulie mwenzako. Andika kifupi. Kwamba umeona tofauti ya maksi kati ya makundi mawili ya wanafunzi na huna maelezo ya kitaaluma ya tofauti hiyo kwa swali lile. Kwamba unaomba pepa za kidato cha pili kwa swali hilo zipitiwe upya. Kwamba kuanzia sasa utasahihisha kwa namba na kwa makingi skimu ya pamoja. Kwamba maneno ya ufuta na unyago umeyaacha. Hayo ya mwisho yaseme na darasani kwa mdomo wako, dakika moja inatosha, usihutubie, halafu endelea na somo.

Kwa yule mama nenda nyumbani kwake, usimwite shule. Salimia kwa Kimwera na mazungumzo yote yawe kwa Kimwera. Usimwahidi maksi. Mwambie pepa ya binti yake inaangaliwa upya na mtu ambaye sio wewe wala mwenzako, tafuteni mwalimu wa Hesabu wa shule jirani, pepa iende na namba tu, na maksi atakayotoa huyo ndo iingie kwenye rekodi hata kama itakuwa 29 ile ile. Na ikitoka yoyote ile, kaa na binti kwenye lile swali alilorukaruka hatua, mwambie akueleze kwa lugha anayoitaka alifikaje kwenye jibu, umsikilize mpaka amalize, kisha muandike pamoja hatua moja moja kwa Kiingereza cha mtihani.